Mjusi Mmoja, Kuta Mbili

Jumatatu, 2 Desemba

Vumbi limefika. Nimeamka pua imekauka, na kikombe nilichokisahau dirishani kina unga wa kijivu ndani. Kila mwaka harmatani, upepo huu wa vumbi, inatoka huko jangwani bila kualikwa, inakaa mpaka karibu na Machi, na hakuna wa kuifukuza.

Shajara hii alipewa mjukuu wangu Morenike na mteja mmoja wa Ibadan. Akaniambia, "Bibi, mimi naandika kwenye simu. Chukua wewe." Shule mimi sikuiona hata kupitia dirishani. Herufi nilizijua uzeeni, katika darasa la akina mama nyuma ya kanisa, na mpaka leo naziandika kubwa kama mbuzi. Atakayesoma avumilie.

Alhamisi, 5 Desemba

Vumbi. Midomo imepasuka. Mama Sikiratu anauza kopo dogo la mafuta ya mgando kwa bei ya kopo kubwa. Nimemwambia atazikwa nalo. Kacheka, hakupunguza.

Jumamosi, 7 Desemba

Leo kuna la kuandika. Injinia anayejenga maktaba ya mji alikuja hapa nyumbani, yule kijana Olaniyan mwenye viatu vyenye ncha kama mdomo wa bata. Alipoingia alinisalimu kwa kuinama, akagusa sakafu kwa vidole viwili. Nikamwangalia.

"Mwanangu, mgongo unakuuma?"

"Hapana, Mama."

"Sasa mbona unaniinamia nusu?"

Alicheka, akalala kifudifudi barazani kama kijana anavyomsalimu mzee, na suti yake, na vumbi lote lile. Nikamwombea baraka, nikampa kiti. Lakini bado viatu vile sivipendi.

Anataka picha ya maktaba. Itachapishwa kwenye bango kubwa la kutundikwa getini, na kwenye kadi za kuwaalika watu siku ya ufunguzi, mwezi wa pili. Angeweza kumleta mpiga picha wa mjini, lakini ameona kazi za Morenike akaona anaweza. Morenike alijibu kwa upole kama mtu mzima aliyezoea. Alipokwenda kutengeneza chai nilisikia vikombe vinagongana jikoni.

Studio yake ni chumba chetu cha mbele. Tangu afungue, anapiga watoto, hasa mapacha, maana hapa Igbo-Ora mapacha ndio mazao yetu makubwa baada ya mihogo. Jengo hajawahi kupiga. Nimemwambia jengo ni rahisi, halijikojolei.

Jumanne, 10 Desemba

Ametoka alfajiri, amerudi saa nne na uso mrefu. "Bibi, hakuna mbingu. Jengo jeupe, hewa nyeupe. Ni kama kuchora kwa chaki juu ya chaki."

Nimempa amala, ugali wetu mweusi, na mchuzi wa majani ya bamia. Amekula sahani mbili. Basi si maafa.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimemsindikiza. Nilitaka kuiona maktaba hiyo vizuri, maana nikienda sokoni huwa naipita mbio.

Ni nzuri, lazima niseme. Paa limekunjwakunjwa kama kitambaa kilichopigwa pasi, kuta zina matundu ya kupitisha upepo, na vioo virefu vinakuonyesha ulivyozeeka. Mlango uko katikati, na pande mbili zimetoka kushoto na kulia kama mtu anayetaka kukumbatia. Upande wa kulia ulipanda haraka, umekwisha, hata rangi umepata. Wa kushoto, ambao utakuwa chumba cha watoto, bado umevaa mianzi ya mafundi na madirisha yake hayana vioo. Tangu msingi watu wameziita pande hizo Taiwo na Kehinde, majina ya mapacha. Aliyetangulia ni Taiwo, aliyechelewa ni Kehinde. Na kila mtu hapa anajua Kehinde hachelewi, yeye ndiye mkubwa. Humtuma mdogo wake mbele aende akaionje dunia.

Morenike alipanda juu ya meza ya Mama Sikiratu, ile anayouzia maharage mkabala na geti, ili kuta zisionekane kuegemea.

"We binti, shuka mezani kwangu! Unapiga picha au unatafuta mume ng'ambo?"

"Dakika moja tu, Mama."

"Dakika yako imeingia kwenye maharage yangu!"

Mjusi mkubwa mwenye kichwa cha rangi ya chungwa alikaa kwenye ukuta wa Taiwo, akipiga pushapu zake kama askari. Hakuondoka mpaka tulipoondoka sisi.

Ijumaa, 20 Desemba

Vumbi. Morenike amepangusa picha ya ukutani, ile ya binti zangu.

Niandike habari yake, maana kalamu ipo. Mimi naitwa Mama Pacha. Nilizaa Taiwo na Kehinde. Taiwo aliugua surua akiwa na miaka minne, akaenda. Tukafanya kama wanavyofanya watu wote hapa: tukampeleka Kehinde kwa mpiga picha, akamkalisha kushoto, akampiga, akamkalisha kulia, akampiga, kisha akaunganisha. Ukiangalia unaona watoto wawili, gauni moja, uso mmoja, na katikati mstari mwembamba kama unywele. Huyo wa kulia ndiye Taiwo wangu. Picha nyingine yake sina.

Kehinde alikua, akamzaa Morenike, sasa anauza vitambaa Ilorin. Morenike mimi ndiye niliyemlea, na kitanda chake kilikuwa chini ya picha hiyo.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Kehinde hakuja, ana biashara. Alituma kitambaa cha buluu. Nimemwambia kwa simu kitambaa hakinisugui mgongo. Amesema atakuja mwezi wa pili, kwenye ufunguzi. Tutaona.

Jumamosi, 4 Januari

Leo Morenike ameshinda kwenye kompyuta, nami pembeni yake na karanga zangu. Ndiyo wanaita kuhariri. Kwanza aliufuta waya wa umeme. Akamfuta mbuzi. Nikasema mbuzi yule namjua, ni wa mchungaji. Akanijibu mchungaji hatajua. Kisha akaitoa ile mbingu nyeupe akaweka mbingu ya buluu aliyoipiga mwezi wa saba, na mawingu yake.

"Umeiba mbingu," nikasema.

"Nimeikopa, Bibi."

Halafu akaja kwenye mianzi ya Kehinde. Alijaribu kuifuta mmoja mmoja, akachoka, akatukana kidogo akidhani sisikii. Mwisho akaushika upande wa Taiwo mzima, akaunakili, akaugeuza kama unavyogeuza chapati, akaubandika upande wa pili. Papo hapo maktaba ikawa imekamilika. Vioo huku, vioo kule. Nikaona hata mjusi wangu yuko kuta zote mbili, wanatazamana. Nilicheka mpaka karanga ikanipalia.

"Muache," nikamwambia. "Amepata mwenzake. Picha imependeza."

Nami niliona imependeza kweli. Sitajisingizia.

Jumanne, 7 Januari

Injinia ameipenda. Amesema wakubwa wake Ibadan wataipenda zaidi. Morenike amenikumbatia mpaka kilemba kikadondoka.

Jumamosi, 11 Januari

Bango limetundikwa getini, refu kuliko nyumba yetu. Chini kabisa limeandikwa jina la mjukuu wangu. Nimepita hapo kwenda sokoni, nikarudi kwa njia hiyohiyo, kisha nikasingizia nimesahau chumvi.

Jumatatu, 13 Januari

Mama Sikiratu alipiga mlango kabla sijafunga kitambaa kichwani.

"Mama Pacha! Mama Pacha! Kehinde kafa lini?"

Kehinde wangu yuko Ilorin na jana hakupiga simu. Nilishika ukingo wa kitanda.

"Kehinde yupi? Sema, mwanamke! Yupi?"

"Wa maktaba! Mjukuu wako kampiga Taiwo mara mbili!"

Nilichukua ufagio. Nilimwambia siku nyingine akitaka kuniua aje na panga, ni haraka zaidi. Hakujali. Alinishika mkono akaniburuta mpaka getini, mimi na ndara moja.

Walikuwa wamejaa pale akina mama, na wengi wana mapacha, mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa kelele ningejibu. Walikuwa wanaliangalia bango kama watu waliofika msibani. Mama Sikiratu akainua mwiko wake wa maharage akaonyesha.

"Angalia kivuli. Cha kulia kinaangukia mlangoni. Cha kushoto nacho kinaangukia mlangoni. Jua limetoka pande mbili? Angalia ufa ule mdogo wa juu, huku upo, kule upo. Hata mjusi! Mjusi mmoja, kuta mbili."

Hapo ndipo na mimi nilipoiona. Siku ile ya kuhariri nilicheka tu. Sasa niliona mstari mwembamba katikati ya mlango, kama unywele.

Mwanamke mmoja kijana, Abeni, yule mke wa dereva wa trekta, alisema polepole, "Hivi ndivyo walivyompiga wangu aliyefariki, wa uzazi wa kwanza."

Morenike alikuwa amefika, anahema. "Jamani, ni picha tu. Upande ule haujaisha, nikausaidia kidogo."

"Umeusaidia kufa?" akauliza Mama Sikiratu.

"Sikumaanisha…"

"Nani alisema umemaanisha? Aliye hai hapigwi kwa uso wa mwenzake. Umemwambia Kehinde mji mzima haumngoji tena. Na hicho ni chumba cha watoto wetu!"

Abeni alikuwa na ahadi ya kuja studio leo, mapacha wake wanatimiza mwaka. Aliwafunga vizuri, akaondoka bila kutuaga.

Jioni Morenike alikaa kitandani chini ya picha yetu. "Bibi, nimekulia chini ya hii. Nilipokwama, mikono yangu ilifanya bila kuniuliza." Nilikaa naye. Nikamsuka nywele.

Jumanne, 14 Januari

Vumbi. Hakuna aliyekuja studio.

Jumatano, 15 Januari

Vumbi. Hakuna.

Alhamisi, 16 Januari

Amekuja mzee mmoja kupiga picha ya pasipoti. Nusura nimbusu.

Wengine wanavuka barabara wakifika kwetu, wanafunika nyuso za watoto. Sina hasira nao. Ningekuwa na mapacha wadogo leo ningefanya hivyohivyo, na hiyo ndiyo inayoniuma. Kama mama wa mapacha hawamwamini Morenike na sura za watoto wao, studio imekwisha.

Ijumaa, 17 Januari

Injinia amekuja mbio, viatu vimejaa udongo. Alilala kifudifudi bila kukumbushwa, nikajua mambo ni mabaya.

"Mama, mafundi wamekataa kupanda upande wa kushoto. Wanasema hawafanyi kazi juu ya mgongo wa marehemu. Vioo vimefika, vimelala chini. Ufunguzi umekaribia. Niwaambie nini wakubwa wangu? Kwamba jengo limefariki?"

"Ndivyo picha inavyosema."

"Mimi mwenyewe niliiangalia, Mama. Sikuona kosa."

Hapo Morenike akamuuliza jina lake la nyumbani, maana sisi tumezoea kumwita Injinia tu.

"Idowu."

Mimi na Morenike tuliangaliana. Idowu ni jina la anayezaliwa baada ya mapacha.

"Kwa hiyo una Taiwo na Kehinde mbele yako," nikasema.

Akainua macho ukutani, akaiona picha ya binti zangu, na akaiangalia kwa muda. "Kaka zangu. Mmoja alikwenda kabla sijazaliwa. Kwetu pia picha ipo, sebuleni, juu ya redio." Akapangusa uso kwa leso. "Ndiyo maana sikushtuka. Kwangu mimi mapacha ndivyo wanavyokaa kwenye picha."

Nilikuwa nimemwona kijana huyu ni viatu tu. Nilimpikia mayai.

Tulipokula nikamwambia la kufanya. Bango lishuke leo. Maharage yapikwe, maana ndiyo chakula cha mapacha, Kehinde alishwe, aitwe kwa jina lake mbele ya watu. Kisha apigwe picha yake mwenyewe, na uso wake mwenyewe.

"Na mianzi, Mama? Na madirisha matupu? Wakubwa wanataka jengo lililokamilika."

"Idowu. Mtoto ambaye hajaota meno hapigwi picha?"

Alitafuna yai lake. "Anapigwa."

"Watu wanasema nini wakiiona?"

"Wanasema mzuri."

"Haya. Kamshushe yule mwingine wa bangoni."

Jumapili, 19 Januari

Tumepika tangu asubuhi, mimi na Mama Sikiratu, kwenye sufuria lake la biashara. Nilidhani ataniletea maneno. Alileta mafuta ya mawese na vitunguu vyake mwenyewe, na hakuomba hata kobo moja ya malipo. Nikampima kwa macho, nikamuuliza kama anaumwa.

"Nyamaza ukoroge. Unadhani nilipiga kelele kwa kumchukia mtoto? Ningemchukia ningemwachia akosee mpaka siku ya ufunguzi, mbele ya wageni."

Nimekuwa jirani yake tangu nywele zetu nyeusi, na leo ndiyo nimemjua.

Tulipeleka maharage chini ya mianzi. Watoto walikuja kwanza, maana mtoto hana msimamo mbele ya chakula, na nyuma ya watoto wakaja mama zao. Morenike alipiga magoti kwenye kokoto mbele ya ukuta ule usio na rangi, akaweka sahani, akasema, "Kehinde, nisamehe. Nilikuona umechelewa nikakuvalisha mwenzako. Tunakungoja." Akalia. Mama Sikiratu akaanza kucheza dansi ya mama wa mapacha, na kiuno chake kile, ukimwona huwezi kulia tena. Idowu alivua viatu vyake akacheza peku. Hajui kucheza, lakini alicheza.

Mafundi walikula, wakanawa, wakapanda mianzi.

Alhamisi, 23 Januari

Vumbi. Morenike anapiga kila asubuhi. Hasubiri mbingu tena.

Jumamosi, 25 Januari

Picha mpya ipo. Jua limo, lakini nyuma ya vumbi, la mviringo mweupe kama kidonge, na maktaba nzima ni rangi ya ngano. Kulia Taiwo amekamilika. Kushoto mafundi wako juu ya mianzi, mmoja amebeba kioo na mbingu iko ndani ya kioo hicho. Mjusi yuko upande mmoja, kwake. Mbele kabisa ni meza ya maharage na Mama Sikiratu amefungua mdomo, bila shaka anatukana.

Alinyoosha kuta, akasafisha alama za vumbi zilizoingia kwenye lenzi, akaacha.

Nikamwambia, "Sasa huyu wa maharage ungemfuta."

"Bibi!"

"Basi mfunge mdomo tu."

Amekataa. Idowu ameituma Ibadan. Tunangoja. Mimi nimesema ni nzuri, lakini hata ile nyingine nilisema.

Jumatano, 29 Januari

Ibadan wamejibu. Mkubwa mmoja kauliza kwa nini kuna mianzi. Mwingine, mwanamke, kauliza yule mama wa maharage ni nani, anaonekana ana njaa ya kusoma. Wamekubali.

Mama Sikiratu sasa anasema amewahi kuwa mwanamitindo.

Alhamisi, 30 Januari

Bango jipya limetundikwa. Abeni amekuja na mapacha wake. Aliwakalisha kwenye kiti akasema, "Wapige. Kila mmoja kivyake kwanza, halafu pamoja." Morenike alimpiga wa kwanza, akamsogeza, akampiga wa pili. Nilisimama mlangoni nikajifanya nafagia.

Jumatatu, 3 Februari

Studio imejaa. Kiti kimekojolewa. Alhamdulillahi, kama anavyosema Mama Sikiratu.

Jumamosi, 15 Februari

Ufunguzi. Hotuba ndefu, viti vigumu. Vioo vya mwisho vya Kehinde vilipachikwa jana, na gundi bado inanuka. Watoto waliingia mbio wakagusa kila kitabu kwa mikono ya mafuta.

Kehinde wangu amekuja kweli! Amenenepa, kichwa kimejaa mvi upande wa mbele, na miwani. Alisimama chini ya bango akasoma jina la binti yake kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mimi ninavyosoma.

Jumapili, 16 Februari

Kabla mama yake hajaondoka, Morenike alimwomba akae studio. Alimkalisha kushoto akampiga. Kisha akamwambia, "Sasa kaa kulia, Mama." Kehinde alinyanyuka, akanitazama, akaelewa. Akaivua shali yake, akaikunja upya, akakaa kulia.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Vumbi limekuwa tope, na tope limenukia vizuri. Nilisimama uani nikalowa kwa makusudi, na Mama Sikiratu akaniita kichaa kutoka dirishani kwake.

Niliporudi ndani Morenike alinikalisha kwenye kompyuta. Wanawake wawili wamekaa bega kwa bega, wana miwani, wana mashavu yangu. Kushoto ni Kehinde. Nilimwangalia yule wa kulia. Miaka yote hii Taiwo amekuwa na miaka minne ukutani kwangu, gauni lilelile, na mimi nikizeeka peke yangu mbele yake. Leo nimeona alivyokua mtu mzima. Anafanana nami zaidi. Ana ukaidi kidogo mdomoni.

"Mstari wa katikati naweza kuuondoa usionekane kabisa," akasema Morenike.

"Uache. Kila mmoja awe na ukuta wake wa kuegemea."

Akasogeza picha karibu, mpaka kichwa cha Taiwo kikajaa kwenye kioo. "Na hizi mvi, Bibi? Nimpunguzie?"

"Usiguse hata moja," nikamwambia. "Nimezingoja sana."